Mtumbwi wa Baba na Nusu Debe la Dizeli

Fundi wa greda aliponisogezea nusu debe la dizeli kwa ncha ya kiatu chake na kusema, "Chukua, msomi, hii haishindwi na uchafu," nilipaswa kusema asante, hapana, nikarudi kwenye daftari langu. Nililichukua. Nililibeba kutoka kambini mpaka nyumbani, kijiji cha Ndama, nimelifunika kwa jani la mgomba, nikitembea polepole lisimwagike, kama mtu aliyetumwa maji ya baraka. Siku hizi magoti yangu hayanifikishi kanisani bila kupumzika mara mbili, lakini bado naweza kukuonyesha kila kona ya njia ile ambapo ningeweza kulimwaga nikaokoka.

Ilikuwa miaka michache kabla ya Uhuru. Nilikuwa karani wa kambi ya barabara, kazi yangu kuandika nani amefika kazini na nani hakufika. Nilikuwa nimesoma shule ya misheni mpaka darasa la kumi, jambo ambalo Ndama nzima ililijua kwa sababu nililitaja nilipoulizwa na niliposahauliwa kuulizwa.

Fundi alikuwa Mhaya wa Muleba, mwenye mikono mipana na utani usioisha. Kila Jumamosi alifungua kipande fulani cha greda, akakitumbukiza ndani ya sufuria kuukuu iliyojaa dizeli, akaenda kuvuta sigara mbali kidogo, akangoja. Grisi iliyoshikana na vumbi la barabara kwa miezi, ambayo ukiikwangua kwa kisu inakucheka, ilianza kulegea yenyewe na kuteremka kama asali. Akipitisha brashi mara moja, chuma kilitoka kinang'aa.

Mimi nilisimama pale, kalamu sikioni, nikimweleza kwa nini inatokea hivyo. Nilimwambia kwamba maji na grisi havielewani hata ukivichemsha pamoja, lakini mafuta huyeyusha mafuta mwenzake, na utomvu, na rangi, na lami, kwa kuwa vyote ni vya ukoo mmoja. Nilizungumza kwa dakika nyingi. Fundi alinisikiliza hadi mwisho.

"Kumbe," akasema. "Mimi miaka yote nilidhani ni brashi."

Ni yeye pia aliyenifundisha tofauti ya mafuta, bila ya kunukuu kitabu. "Petroli ukiimwagia mkononi inaruka kabla hujamaliza kusema ni ya baridi. Mafuta ya taa yanakaa kidogo kama mgeni mwenye adabu. Dizeli inahamia." Nilicheka, nikaliandika hilo kwenye daftari langu. Niliweza kuandika jambo, nikalipigia mstari, na bado nisilijue. Kama kuna somo nililofuzu vizuri maishani, ni hilo.

Basi nikaanza kuwa mganga wa madoa. Dizeli kidogo kidogo, kwenye chupa, nilikuwa nikipewa tangu zamani. Nililegeza mnyororo wa baiskeli ya jirani uliokuwa umeshikana kutu. Nilitoa rangi ya mlango kwenye suruali ya katekista, na katekista akakaa peke yake kwenye benchi Jumapili mbili. Mama yangu, ambaye mikono yake ilikuwa myeusi kwa utomvu wa ndizi za kupika kama ya kila mama wa kwetu, nilimsugua vidole kimoja kimoja mpaka vikawa safi.

"Utomvu umetoka," akasema mama, akiinusa mikono yake. "Sasa niambie, mwanangu, hiki kilichoingia kitatoka lini?"

Siku mbili alikula kwa kijiko. Mtu mwenye akili angesimama hapo akatafakari. Mimi nilihesabu hilo kuwa ushindi.

Sasa nieleze nilichokuwa nakitaka, maana bila hicho haya yote yangebaki kuwa mambo ya kuchekesha. Kulikuwa na binti wa Nyabiyonza. Nilimwona mara ya kwanza kwenye foleni ya kuuza kahawa, akiwa na mama yake, akanicheka kwa kuwa nilikuwa nimevaa tai mbele ya magunia. Baada ya hapo nilipata sababu nyingi za kupita Nyabiyonza. Siku moja, tukitoka misa, aliniambia, "Wewe unanukia lori." Alisema hivyo akicheka, na mimi nikalichukua kama sifa. Mtu anayenukia lori, nilijiambia, ni mtu wa kazi ya maana.

Alikubali niende kwao. Tatizo lilikuwa baba yake. Mzee yule alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika zahanati, akisafisha vidonda na kugawa dawa, na alisifika kwa mambo mawili: usafi, na pua. Watu walisema akifumba macho ukamwekea chupa tano mbele yake, anakutajia iodini, spiriti, na zilizobaki bila kukosea. Alikuwa amenitumia ujumbe kwamba anatusubiri Jumapili fulani. Kama hatufiki, kuna familia ya Bukoba, watu wa biashara, nao wameomba kusikilizwa.

Kwetu huendi kuomba binti mikono mitupu. Unakwenda na vibuyu vya rubisi, pombe yetu ya ndizi, na rubisi hiyo iwe imetengenezwa nyumbani kwenu, kwenye mtumbwi wenu, na baba yako. Wakiionja wanawaonja ninyi.

Mtumbwi ninaousema si wa ziwani. Ni gogo moja refu lililochongwa tumbo. Ndani yake wanaume hukanyaga ndizi mbivu kwa miguu, pamoja na nyasi, mpaka maji yake matamu yatoke. Kisha hutiwa unga wa mtama uliokaangwa, ukafunikwa kwa majani ya migomba, na pombe ikachachuka humo humo. Mtumbwi wa baba ulichongwa na babu. Ndani ulikuwa mweusi tititi, umejengeka ukoko mgumu wa utomvu na sukari ya ndizi za miaka yote hiyo, unang'aa kama ngozi ya ng'ombe aliyeshiba.

Baba hakuwa tajiri. Alichokuwa nacho ni neno lake. Watu wakigombania mpaka wa kibanja, shamba la migomba, walimwita. Pombe ya mtu ikitiliwa shaka, walimwita aionje, na akisema ni nzuri, ilinywewa. Wiki ile alikwenda msibani Ihanda, na kabla ya kuondoka aliniambia, "Uoshe mtumbwi kwa maji na nyasi, kama siku zote. Usiukwangue."

Sikuukwangua. Mimi nilikuwa na nusu debe.

Niliutazama ule weusi kwa macho ya mzee wa zahanati. Niliwaza masomo yetu ya usafi shuleni, nikawaza vijidudu, nikaona aibu kwamba pombe ya posa yangu itoke ndani ya kitu cheusi kama chungu. Nikamimina, nikasugua kwa brashi niliyoazima kambini. Mungu wangu, ilifanya kazi! Ukoko ulilegea, ukavimba, ukateremka vipande vipande. Chini yake ikatokea mbao nyeupe ambayo hakuna aliyeiona tangu siku za babu. Nilifanya kazi nikipiga mluzi.

Kisha nilisuuza kwa maji mara nne, kwa sabuni, na kwa majivu. Maji yalijikusanya vidonge vidonge, yakateleza juu ya mbao bila kupenya. Nilisema moyoni: angalia jinsi ilivyo safi, hata maji hayapati pa kushika. Mtu wa darasa la kumi. Nikainama nikanusa. Sikusikia kitu. Bila shaka sikusikia. Pua yangu ilikuwa imeishi na dizeli mwaka mzima, ilikuwa haiitambui tena kama vile mtu asivyosikia harufu ya nyumba yake.

Baba aliporudi aliutazama mtumbwi muda mrefu.

"Umeuvua nguo," akasema.

"Nimeusafisha, Tata."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa sabuni. Na majivu."

Huo ulikuwa uongo wa kwanza, na sikuwa na sababu ya maana ya kuutoa. Niliogopa tu kuonekana mjinga mbele ya mtu ambaye hakuwahi kusoma. Baba akainama kunusa, lakini baba alikuwa mtu wa tumbaku ya kunusa tangu ujana. Akainuka, akapangusa pua. "Mimi sisikii kitu," akasema. Hapo tulikuwa wanaume wawili na pua mbili zilizokufa. Mama, ambaye pua yake ilikuwa nzima, hakukaribia. Kwetu mwanamke hausogelei mtumbwi ndizi zikikanyagwa.

Tulikanyaga. Tukatia mtama, tukafunika. Kulipokucha nilikwenda kufunua nikiwa peke yangu, na juu ya povu nikaona utando mwembamba wenye rangi za upinde wa mvua, zambarau na kijani, ukizunguka polepole. Nilijua papo hapo. Mbao ilikuwa imekunywa dizeli, na sasa pombe iliyochachuka ilikuwa ikiitoa. Kila nilichomweleza fundi kuhusu mafuta na maji kilikuwa kinaelea mbele yangu.

Nilichukua jani, nikauengua ule utando. Ukarudi. Nikauengua tena.

"Vipi?" Baba alikuwa nyuma yangu. Akachota kwa kibuyu kidogo, akaonja, akausikiliza ulimi wake. "Ina kitu kwenye koo."

Ndizi zilikuwa zimekwisha kukanyagwa. Jumapili ilikuwa kesho. Watu wa Bukoba walikuwa wanangoja zamu yao.

"Ni mtama, Tata," nikasema. "Huu mpya uliokuja nao kutoka Ihanda."

Alinitazama. Hakuwa na desturi ya kumuuliza mtu jambo mara mbili. "Kama ni mtama," akasema, "ni mtama."

Tulikwenda Nyabiyonza watu watano: baba, mimi, majirani wawili waliobeba vibuyu, na baba mdogo, ambaye alikuwa mshenga wetu kwa sababu alikuwa na maneno mengi na kofia nzuri. Tulipokelewa vizuri. Nyasi mbichi zilikuwa zimetandikwa sakafuni, tukapewa kahawa ya kutafuna, tukaulizana habari za mvua. Binti sikumwona, lakini nilisikia kicheko chake nyuma ya pazia, na nikanyoosha tai.

Pombe ikawekwa katikati. Desturi ni kwamba aliyeileta anaionja kwanza mbele ya wenyeji, wajue haina sumu. Baba akajaziwa kibuyu. Angeweza kugusa kwa midomo tu, ingetosha. Alikunywa chote. Niliona koo lake likipanda na kushuka, na uso wake haukubadilika hata kidogo.

Kisha akapewa mzee wa zahanati. Alikileta kibuyu karibu na mdomo, akasimama. Akakirudisha chini kidogo. Akakipandisha tena, safari hii hadi puani.

"Wageni wetu," akasema taratibu, "mmekuja kwa miguu?"

"Kwa miguu, mzee," akajibu baba mdogo.

"Hamkupata lifti ya lori?"

"Hapana, mzee, tumetembea vizuri tu."

"Basi lori limo humu."

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Mjomba wa binti, mzee mnene aliyekuwa karibu na mlango, akapaza sauti, "Mwenye kiko akizime! Tutaungua wote!" Mwingine akauliza kama pombe hii inanywewa au inawashwa kwa kuzungushwa hendeli kama lori. Baba mdogo naye akacheka, akasema bwana harusi wetu ni mtu wa mitambo, hataki mkewe achoke njiani. Hata mzee wa zahanati alikuwa anatabasamu. Naapa alikuwa anatabasamu. Kama ningefungua mdomo dakika ile nikasema, wazee wangu, mimi ni mjinga, niliosha mtumbwi kwa dizeli ili niwapendeze, wangecheka mpaka jioni, wangeniita Dizeli hadi kufa kwangu, na ningeoa.

Nilitazama paa. Lilikuwa limeezekwa vizuri sana.

Mzee wa zahanati aliacha kutabasamu, akamgeukia baba. "Mzee mwenzangu, nimeshika chupa za dawa maisha yangu yote. Nakuuliza kwa heshima. Humu mmetia nini?"

Baba alikuwa na kibuyu kitupu mkononi.

"Ni mtama," akasema. "Mtama mpya."

Shangazi wa binti, ambaye alikuwa amekaa pembeni na wanawake, akainuka, akachukua kibuyu kutoka kwa kaka yake, akanusa, akamrudishia. Halafu akatembea moja kwa moja mpaka nilipoketi, akainama, akaninusa mimi, begani, mbele ya watu wote.

"Mtama wenu huu hapa," akasema. "Umevaa tai."

Safari hii hakuna aliyecheka. Mzee wa zahanati akakigeuza kibuyu chake juu chini, pombe ikamwagika kwenye nyasi, na kila mtu mle ndani alijua maana yake: posa imekataliwa.

"Dizeli ningeicheka," akasema. "Nimewanywesha watu dawa mbaya kuliko hii. Lakini nimeuliza, na nimejibiwa mtama."

Hapo ndipo niliposimama. "Ni mimi," nikasema. "Niliosha mtumbwi kwa dizeli, baba hajui. Mimi ndiye niliyemwambia ni mtama."

Ulikuwa ukweli mtupu, wa kwanza kuutoa juma lile. Mzee alinitazama karibu kwa huruma.

"Kijana anamfunika baba yake," akawaambia wenzake. "Si vibaya kwa mtoto. Lakini anayemsemea baba yake uongo leo, kesho atamsemea mkewe. Nendeni salama."

Nilitaka kuongeza neno. Baba mdogo alinivuta shati nikakaa, kisha akanivuta tena nikasimama, kwa sababu ilikuwa ni kuondoka.

Njiani baba aliingia ndani ya migomba, akatapika. Tulimsubiri. Alipotoka aliwaambia wengine watangulie, akabaki nami.

"Ulijua kabla hatujatoka nyumbani?"

"Niliona mafuta yakielea, Tata."

Akakunja kitambaa alichojifutia mdomo, akakitia mfukoni. "Ungeniambia," akasema, "ningewaambia ni dizeli."

Nilimsihi arudi Nyabiyonza akajieleze, nikasema nitakwenda naye. Alijibu kwamba aliulizwa akajibu kwa mdomo wake mwenyewe, na hawezi kupeleka jibu la pili nyuma ya la kwanza; baada ya hapo hakulitaja tena jambo hilo mpaka anakufa. Mtumbwi aliuanika juani mwezi mzima. Nilimletea majivu, nikaleta magadi, nikaleta hata udongo wa kichuguu kwa kuwa nilisoma mahali kwamba udongo hunyonya. Harufu ilibaki. Tuliugeuza kuwa hori, na ng'ombe wa jirani, wanyama wanaokunywa maji ya dimbwi bila kulalamika, wakanusa wakageuka.

Binti nilikutana naye mara moja tu baada ya hapo, sokoni Ihanda. Nilimsalimu, akaitikia. "Baba alikuwa ameshaanza kucheka," akaniambia. "Ulikuwa unangoja nini?" Nikamuuliza habari za mvua, mtu wa darasa la kumi. Kabla ya mavuno ya kahawa ya mwaka ule alikuwa ameolewa Bukoba.

Mimi nilioa nikiwa nimevuka miaka arobaini, mwanamke mwema ambaye amenivumilia, na huyu nilimweleza yote kabla ya kumwomba. Alicheka hadi akajifuta machozi. Nilijifunza kusema, lakini baada ya wakati wake.

Baba hakutengeneza rubisi tena. Habari zilifika Ndama kabla ya sisi kufika, na polepole, bila mtu kumtukana wala kumwambia lolote, watu wakaacha kumwita. Mpaka wa kibanja ukigombaniwa, walimwita mwingine. Pombe ikitiliwa shaka, walimpelekea mwingine aionje. Aliishi hivyo miaka mingi, mita chache kutoka kwangu, akinisalimu kila asubuhi kama kawaida. Nilimkosa binti niliyemtaka, na hilo nimelizoea. Lakini baba yangu alikufa akijulikana kama mzee aliyeulizwa mbele ya watu akadanganya. Uongo ule ulikuwa wangu, na yeye ndiye aliyezikwa nao.